Mistari Miwili ya Matrah

Jumatatu ya mwisho wa Aprili, mwaka 1964, Masouda alitumwa na mama yake ghalani kuchukua bakuli la tende. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu familia yao iteremke melini kutoka Unguja ilikuwa haijatimia wiki tatu. Ghala lilikuwa la mjomba wake, Thabit, nyuma ya nyumba yake mjini Matrah, na ndani mlikuwa na marobota ya tende, magunia ya ndimu kavu na harufu ya papa. Masouda alifungua mlango, akapiga hatua mbili, akateleza, akaenda kwa matako mpaka ukuta wa mwisho. Sakafu nzima ilikuwa barafu.

Alirudi jikoni na bakuli tupu.

"Tende zimeganda," alisema.

Mjomba Thabit alikuwa akinywa kahawa na hakugeuka. "Sakafu iko hivyo tangu Ijumaa. Vaa viatu, mwanangu. Na urudishe mlango, joto lisiingie."

Majirani walikuja na vyungu, wakavunja vipande vya kupozea maji ya kunywa. Baada ya wiki mbili walisema barafu ile inauma meno, wakaacha. Ikabaki palepale, unene wa kiganja, nyeupe kwenye pembe na ya kijani katikati. Ulipofika Juni, upepo wa moto ukishuka kutoka majabalini na watu wakilala wamejifunika shuka mbichi, barafu haikutoa hata tone. Thabit alizihamishia tende zake kwengine, na hapo kwa upande wake jambo likaisha.

Ofisi ya vibali ndiyo haikuliona limeisha. Siku zile Maskati na Matrah kila kitu kilitaka kibali: kusafiri, kuingiza kitabu, kujenga choo. Karani wa ofisi hiyo, Bwana Aflah, alifika asubuhi moja na daftari kwapani. Alikuwa mtu mpole, sauti yake ya chini, kanzu yake ya dishdasha haina hata kunyanzi. Alisimama mlangoni mwa ghala akaitazama sakafu kwa muda.

"Imekuja lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwezi wa nne," alijibu Thabit.

"Na jamaa zako hawa kutoka Afrika, wamekuja lini?"

"Wiki mbili kabla."

Aflah aliandika. Kisha akavunja kipande, akakifunga ndani ya leso yake, akaondoka nacho ofisini kwa ushahidi. Baadaye ilijulikana kwamba alipoifungua leso alikuta maji, akaandika katika faili kuwa ushahidi umefichwa na wenye nyumba.

Jioni hiyo baba yake Masouda, Mahfoudh, aliwakalisha mkewe Kheiria na watoto wao wawili. Unguja alikuwa mwalimu wa skuli. Hapa alikuwa amepata kazi ya kutafsiri barua katika kampuni moja ya biashara. "Sie hapa ni wenyeji kwa nasaba na wageni kwa ulimi," alisema. "Tukisema Kiswahili wanadhani tunawasema wao. Basi mnachokisema, kipimeni kwanza." Masouda alilichukua neno hilo kama mtoto anavyochukua homa. Tangu siku hiyo hakumtazama mtu yeyote bila ya kujiuliza mtu huyo atakwenda wapi baada ya hapo.

Mtu aliyejua barafu ni ya nini alikuwa Bi Bakhita. Naye alitoka Unguja, akiishi nyumba ya pili kutoka kwao. Ujanani mwake alikuwa yaya katika nyumba ya wakala wa meli, na jamaa hao walimchukua Ulaya, katika mji mmoja wa milimani, kwa majira mawili ya baridi. Kila siku alikaa ukingoni mwa uwanja wa barafu akiwachunga watoto wanaofundishwa kuteleza, na kila alichosema mwalimu wao alikihifadhi, kwa sababu hakuwa na mtu mwengine wa kumsikiliza. Alilitazama ghala la Thabit mara moja tu.

"Mna watoto wawili," alimwambia Kheiria. "Mwanamume na mwanamke, tena ndugu, hapana atakayesema neno. Upo mchezo wa watu wawili. Mmoja peke yake hapendezi, kama ndara ya mguu mmoja."

Majid, kaka yake Masouda, alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mhunzi wa sokoni, Yaarub, aliyekuwa akitengeneza majambia, alipewa jozi mbili za viatu vya askari na kuelezwa kinachotakiwa. Alivifunga vyuma chini ya soli, akavinoa, akauliza tu kama makali yawe ndani au nje. Bi Bakhita alisema yote mawili.

Wakafundishwa kila siku baada ya sala ya alasiri. Bi Bakhita alikaa kwenye mkeka wake, kajitanda blanketi, tambuu mdomoni, akipiga sinia kwa kijiko ili wafuate mapigo. Majina ya Kizungu hakuyakumbuka, akaipa kila hatua jina lake. Majid alipomnyanyua Masouda juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, hiyo ilikuwa dari. Aliposimama mahali pamoja na kumzungusha dada yake kwa mkono mmoja, Masouda kalala chali juu ya ukali wa chuma, nywele zake zikikaribia kufagia sakafu, hiyo ilikuwa bikari, kama ile ya skuli ya kuchorea duara. Na kulikuwa na mtupo, ambapo alirushwa ateremke peke yake kwa mguu mmoja.

"Dari haisimami kwa nguvu," Bi Bakhita alimwambia Masouda. "Inasimama kwa yule aliye juu kutofikiri. Ukimfikiria aliye chini, mtaanguka nyote."

Masouda, ambaye alimfikiria kila mtu, alijifunza kutomfikiria Majid. Ilimchukua mwaka mzima. Juu ya mikono ya kaka yake ndipo mahali pekee mjini Matrah ambapo hakuwa akisikiliza nani anapita uchochoroni.

Mwaka 1966 Bi Bakhita alitoa katika sanduku lake kadi ya chama cha mchezo huo, ya mji uleule wa milimani, na Mahfoudh akaandika barua kwa Kiingereza. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Jozi ya Maskati ilikaribishwa kwenye mashindano ya vijana, Februari mwaka 1967. Mahfoudh aliipeleka barua ofisi ya vibali, akaomba ruhusa ya safari kwa watu wawili. Bwana Aflah aliipokea kwa mikono miwili, akasema itatazamwa. Februari ilifika ikiwa bado inatazamwa.

Siku ya mashindano walivaa viatu vyao kama kawaida. Kheiria alikuwa amewashonea nguo za hariri ya buluu, za stara, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Saa yao ilipofika, Bi Bakhita alipiga sinia, nao wakacheza dakika nne na nusu mbele ya mjomba Thabit na magunia ya ndimu.

Siku ya tatu ilikuja telegramu: nafasi ya tisa.

Barua ya maelezo ilifuata mwezi mmoja baadaye, kutoka kwa bibi mmoja wa makamo aliyekuwa miongoni mwa waamuzi. Aliandika kwamba jina la Maskati lilipoitwa hakuna mtu aliyeingia uwanjani, ila barafu ilianza kuchorwa. Mistari miwili ilitoka pembeni, ikaenda sambamba, ikakutana, ikazunguka. Palipokuwa na kunyanyuliwa, mstari mmoja ulikatika na mwengine ukazama zaidi, kisha ule wa kwanza ukarudi mbele yake. Ukumbi mzima ulisikia vyuma, na kitu kama sahani ikipigwa. Waamuzi waliteta kwa dakika kumi, wakaona kuwa kanuni inataka alama za watu wawili barafuni pamoja na muziki, na vyote vilikuwapo. Katika karatasi yao waliandika: Maskati, hawakuhudhuria, wameshindana. Aliongeza kuwa dari yao ilikuwa nzuri lakini mtupo ulikuwa mfupi.

"Nilikwambieni ule mtupo," alisema Bi Bakhita.

Mwaka uliofuata walikuwa wa sita. Wiki mbili baada ya telegramu ya mwaka huo Bwana Aflah alikuja nyumbani, akakaa sebuleni, akapewa kahawa na halua. Alizungumza juu ya hali ya hewa. Kisha, bila ya kubadilisha sauti, alimwambia Mahfoudh: "Nimesikia mkate wa huku haukupendezi. Ati ni mkavu, na Unguja palikuwa na mkate wa maana."

Mahfoudh alikuwa amelisema hilo Jumanne, kwenye chai ya asubuhi, na waliokuwapo wangeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ni neno la kawaida tu," alisema.

"Naam, la kawaida," alikubali Aflah. "Na mkeo anaumwa kichwa siku za upepo. Na binti yako huota akiwa melini. Yote ya kawaida." Akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaondoka.

Mwezi wa nne walikuja askari wawili, wakamchukua Mahfoudh mpaka ngomeni. Hakuambiwa kosa. Kampuni ilimpa mtu mwengine kazi yake siku ya pili yake. Mjomba Thabit alikwenda kuuliza, akaelezwa kuwa ni mtu asiyeridhika na nchi, na kwamba kuna maandishi.

Kheiria alipeleka chakula ngomeni kila Ijumaa kwa miezi saba, na Masouda akabaki nyumbani akitafuta. Alilala akiwapanga watu waliokuwapo siku ya mkate: baba, mama, mjomba, Majid, Bi Bakhita aliyekuja kuomba chumvi. Baba alikuwa ngomeni. Mama asingeweza. Mjomba nyumba ni yake. Majid ni Majid. Akabaki mtu mmoja, aliyeingia nyumba za watu kumi kila siku, aliyejua nani kaota nini, aliyeishi kwa kusikiliza.

Hakumuuliza. Alimngojea mlangoni mwa ghala na kumwambia, "Bi Bakhita, mazoezi tutafanya wenyewe."

Bi Bakhita alikuwa amekwisha kuuinamia mkeka wake autandike. Akauviringisha tena. "Nnajua unachofikiri," alisema. "Mie nimelea watoto wa watu, mwanangu. Siri zao nnazo mpaka leo, na wengine washakufa." Bi Bakhita akaondoka na mkeka kwapani, na sinia akaliacha kwa sababu halikuwa lake.

Mahfoudh alirudi Novemba. Vifundo vya miguu yake vilikuwa na alama ya pingu, na alikuwa amepata tabia ya kutazama mdomo wa mtu anayesema naye badala ya macho yake. Hakukataza mtu kuzungumza. Ila yeye aliacha, na nyumba ikafuata. Chai ya asubuhi ilinywewa kwa maneno matatu au manne: nipe sukari, funga dirisha, bismillahi.

Februari 1969 walicheza bila ya sinia, wakihesabu mioyoni. Walikuwa wa kumi na nne. Bibi mwamuzi aliandika kuwa mistari ilikuwa safi lakini ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na kwamba waamuzi walisikitika.

Bi Bakhita alikuwa hajakanyaga nyumbani kwao tangu aondoke. Lakini Bwana Aflah alipokutana na Kheiria sokoni Alkhamisi moja jioni alimpa pole kwa jino lake, jino lililoanza kumuuma usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hapo Masouda alirudi mwanzo. Ilimchukua miezi kupanga, kwa kuwa alitaka mtego usioweza kumdhuru mtu. Mwishoni mwa mwaka 1969 alimwendea mjomba Thabit, wakiwa wawili peke yao, akamwambia kwamba bibi mwamuzi atamletea yeye Masouda kwa posta glavu nyekundu za sufu. Alimwambia mama yake kuwa atamletea picha ya uwanja. Wa mwisho kuambiwa alikuwa Majid, wakiwa wanafunga viatu, ili tu Masouda asije akajilaumu kuwa kabakisha mtu. Alimwambia kuwa bibi atamletea miwani ya jua. Miwani ya jua wakati ule ilikuwa kitu cha kuitwa ofisini ukaulizwa.

Siku nane zikapita. Siku ya tisa alitumwa tarishi kumwita Mahfoudh na binti yake ofisini. Bwana Aflah aliwakalisha na kumtazama Masouda kwa upole.

"Hii miwani, binti," alisema, "ishafika au bado iko njiani?"

"Hapana miwani," alisema Masouda. "Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mzaha ni kitu kizuri," alisema Aflah, akaandika.

Walirudi kwa miguu. Mahfoudh hakuuliza miwani gani. Masouda alikwenda moja kwa moja ghalani. Majid alikuwa pale, kakaa juu ya gunia, kiatu kimoja mguuni.

"Ulianza mwaka gani?" alimuuliza.

Majid aliutazama ule uso akajua. "Sitini na sita. Tulipopeleka ile barua ya mashindano. Alinita, akanambia anataka mtu wa kumpa khabari za nyumbani kila Alkhamisi. Akanambia, ukikataa sikulazimishi, ntatafuta mwengine, na huyo mwengine hatokuwa na huruma nanyi."

"Ukakubali."

"Nikasema nitachagua mie. Nitampa mambo madogo, yasiyo na uzito. Mama anaumwa kichwa. Wewe unaota."

"Na mkate?"

"Mkate ulikuwa mdogo kuliko yote, Masouda. Nilifikiria siku mbili nzima, nikaona mkate hauwezi kumfunga mtu."

Masouda alikaa kwenye gunia jengine. Alijaribu kutafuta hasira na akaikuta, lakini ilikuwa haina pa kukaa. Kila alipoiweka juu ya mkono wa Majid aliuona ule mkono ukimnyanyua.

"Baba anajua?"

"Sijui. Tangu arudi ananitazama mdomo."

"Anatutazama wote mdomo," alisema Masouda. Kisha akasema jambo ambalo hakulipanga. "Usiache. Ukiacha ataweka mtu nisiyemjua, nianze tena kutafuta. Lakini la kusema tutachagua pamoja."

Siku ya pili alikwenda kwa Bi Bakhita, akakaa chini, akamshika magoti kumwomba radhi. Bi Bakhita alimwacha amalize.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini usinambie nani. Nikijua, na mie ntakuwa na la kusema." Alasiri hiyo alirudi ghalani na mkeka wake, akaomba apewe sinia.

Kila Alkhamisi, wakati wa kufunga viatu, ndugu wawili walichagua. Mama kapika mchuzi wa pweza. Mjomba kakohoa. Mchanga umeingia kisimani. Masouda alikuwa mwangalifu kuliko Majid; alilipindua kila neno kama mtu anayetafuta mwiba katika samaki. Alkhamisi moja ya Januari hawakuwa na kitu, na Masouda akasema, "Mwambie kuwa Yaarub kafunga duka mapema jana." Jumamosi yake Yaarub aliitwa, akawekwa siku mbili, akaulizwa alikuwa akienda kuonana na nani. Alikuwa amekwenda nyumbani, mkewe akijifungua. Alipoachiwa aliwanolea vyuma vyao kama siku zote. Masouda aliutazama mgongo wake ukiinama juu ya jiwe la kunolea, akasubiri ageuke. Yaarub aliviweka viatu mezani bila ya kugeuka.

Mashindano ya 1970 yalikuwa Februari. Masouda alipanda juu ya mikono ya Majid na kwa mara ya kwanza tangu utoto alimfikiria aliye chini. Alifikiri kila kidole. Hawakuanguka, kinyume na alivyosema Bi Bakhita. Katika bikari aliyafumbua macho, akaona dari halisi ya ghala ikizunguka, maboriti na utando wa buibui, na mkono wa kaka yake umekaza mpaka mishipa imesimama. Katika mtupo aliruka mwenyewe kabla ya kurushwa.

Telegramu ilisema nafasi ya pili. Bibi mwamuzi aliandika kuwa hawajawahi kuona kitu kama kile: mstari wa binti ulirudi barafuni mapema, na kwa kina kikubwa, kama wa mtu anayeshuka kabla hajashushwa. Waamuzi walidhani ni mtindo mpya, wakautukuza.

Julai mwaka huo alikuja sultani mpya na nchi ikabadilika. Redio zilitolewa chini ya vitanda, zikawekwa madirishani. Milango ya mji ikawa haifungwi. Vijana walivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na meli zilianza kuleta watu waliokuwa wametawanyika Unguja, Mombasa, Kuwait na Kairo, kila mmoja na cheti chake na mipango yake. Uwanda wa Ruwi, uliokuwa mchanga na miba, uliwekwa vigingi vya majengo. Mahfoudh alirudishiwa kazi na barua ya heshima. Hakuambiwa alifungwa kwa nini, naye hakuuliza.

Ofisi ya vibali ilikuwa sasa ofisi ya pasipoti, katika jengo lilelile lililopakwa chokaa. Majid na Masouda walikwenda Septemba. Nyuma ya meza mpya alikaa Bwana Aflah, na mgongoni kwake kulikuwa na kabati la mafaili mapana, ya zamani, yamefungwa kwa uzi mpya.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Dunia imefunguka." Aliwapigia muhuri pasipoti mbili, akazikausha kwa pumzi yake kabla ya kuzifunga. Kisha akamwambia Majid akae kidogo.

Masouda alingoja nje, kwenye kivuli cha ukuta. Majid alitoka baada ya nusu saa.

"Kanipa kazi," alisema. "Hapa. Watu wanaingia kwa maelfu, hawajulikani ni nani. Anataka mtu anayejua Kiswahili akae nao, awasikilize."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nitachagua mie."

Masouda alimtazama kaka yake ili aone kama anatania. Majid alikuwa akiitazama pasipoti yake, picha yake mwenyewe, kama mtu anayejaribu kukumbuka waliwahi kukutana wapi.

"Na mashindano?"

"Yako Disemba mara hii. Nitaomba ruhusa."

Aliomba, na Bwana Aflah akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema itatazamwa. Kazi ilikuwa nyingi. Kila wiki ilikuja meli. Disemba ilipofika pasipoti mbili zilikuwa kabatini kwa Kheiria, zimefungwa katika kanga pamoja na karafuu zisiliwe na wadudu, na Majid alipewa saa moja ya kutoka ofisini. Masouda angeweza kwenda peke yake. Alilifikiria hilo siku tatu. Lakini mchezo ulikuwa wa watu wawili, na katika nchi nzima, ya zamani na hii mpya, hapakuwa na mikono mingine iliyohalalika kumnyanyua.

Majid alifika mbio, kavaa nguo za ofisini, akabadilisha nyuma ya magunia. Bi Bakhita akapiga sinia. Masouda alipanda, akakaa juu kwa muda wote uliotakiwa, macho yamefumbuliwa, na kutoka uchochoroni alizisikia redio tatu kwa pamoja. Alishuka pale alipotaka kushuka. Dakika nne na nusu zilipokwisha Majid alivaa tena dishdasha yake, akarudi kazini.

Telegramu ililetwa siku ya tatu, asubuhi, wote wakiwa kwenye chai. Mahfoudh aliipokea mlangoni, akaisoma akiwa amesimama. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, nafasi ya kwanza, na chini yake hongera za waamuzi wote. Aliisoma mara ya pili. Aliinua macho, akamwona mkewe kashika birika, mjomba Thabit kanyoosha mkono hewani, Masouda anasubiri, na Majid, kavaa tayari kwenda ofisini, kalamu mfukoni.

"Mmekuwa wa kwanza," alisema.

Kila mmoja alikuwa akitafuta neno, akilipima, akilirudisha. Kheiria aliliweka birika chini. Thabit alikohoa, kisha akaonekana kujutia kukohoa. Ilikuwa siku ya Alkhamisi.

"Alhamdulillahi," alisema Masouda hatimaye, kwa kuwa lilikuwa neno ambalo halijawahi kumfunga mtu.

"Alhamdulillahi," wakasema wengine, mmoja baada ya mwengine, na Majid naye, na baba yao aliyatazama midomo yao mpaka ikanyamaza yote.